Bahari Ikipata Joto: Kwa Nini Mwamba Mmoja Hufufuka na Mwingine Hufa Moja kwa Moja?

Kila mtaalamu anayekwenda kwenye kikao cha wavuvi kuzungumzia matumbawe, iwe Mafia, Pemba au Wasini, hukuta swali moja linamsubiri. Kama matumbawe yanakufa kwa joto la bahari, na joto hilo limeletwa na moshi wa nchi za mbali, kwa nini mvuvi wa ngalawa aambiwe aache juya lake, wavu wake wa kuburuta? Swali hilo ni la haki. Anayeliuliza anataka kujua kama anaombwa abebe mzigo usio wake, na hastahili kujibiwa kwa maneno ya jumla kuhusu kutunza mazingira.

Jibu lipo. Sehemu yake kubwa imepatikana katika Bahari ya Hindi hii hii, kwa watu kupiga mbizi na kuhesabu mwaka baada ya mwaka. Lakini haliwezi kueleweka bila kwanza kujua tumbawe ni kitu gani na linakufa vipi.

Jiwe la tumbawe ni nyumba, na wenye nyumba ni wanyama. Wengi wao wana upana wa milimita chache tu. Kila mmoja ana mdomo uliozungukwa na minyiri, wameshikana maelfu kwa maelfu, na kila anayekua hutandika chokaa chini yake. Vizazi hufa, chokaa hubaki, na wapya hujenga juu. Ndivyo ilivyojengeka miamba inayozunguka visiwa vyetu, na mawe ya miamba ya kale ya aina hiyo ndiyo yaliyojenga nyumba za Mji Mkongwe na Lamu, na misikiti ya Kilwa Kisiwani.

Kwa nguvu zake mwenyewe mnyama huyu asingeweza kazi kubwa namna hiyo. Maji ya pwani zetu ni maangavu kwa sababu yana chakula kidogo. Kinachomwezesha kuishi ni mimea midogo mno ya jamii ya mwani inayokaa ndani ya nyama yake. Mimea hiyo hutumia jua kutengeneza sukari, na tumbawe hupata kwake hadi asilimia 90 ya nguvu linazohitaji. Tumbawe nalo huipa mimea mahali pa kukaa na mbolea inayotokana na taka za mwili wake. Rangi za kahawia, kijani na manjano tunazoziona mwambani kwa kiasi kikubwa ni rangi za mimea hiyo.

Ushirika huo una udhaifu mmoja: tumbawe huishi karibu sana na ukomo wa joto linaloweza kulistahimili. Maji yakizidi kwa nyuzi joto 1 tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote wa mahali hapo, na yakadumu hivyo, mimea ya ndani huharibikiwa na kuanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji wake. Mwenyeji huitema. Nyama ya tumbawe ikibaki bila mimea huwa kama kioo, na chokaa nyeupe ya chini huonekana. Huko ndiko kupauka.

Tumbawe lililopauka bado li hai, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Lina njaa kali, lakini maji yakipoa mapema litapokea mimea mipya na kurudisha rangi. Wanaofuatilia joto la bahari kwa satelaiti hujumlisha nyuzi zilizozidi na wiki zilivyodumu. Nyuzi 1 ya ziada kwa wiki nne, kupauka hutarajiwa. Kwa wiki nane, vifo hutarajiwa. Wiki hizo nne za katikati ndizo zinazotenganisha ugonjwa na msiba.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki hatari huja kwa msimu unaojulikana. Kaskazi inapoisha na kusi haijashika, kati ya Machi na Aprili, huingia maleleji. Bahari hutulia, upepo huwa hafifu, na jua hupita karibu na utosi. Hakuna mawimbi ya kuchanganya maji ya juu na ya baridi yaliyo chini. Mchana wa maji bamvu, yanapokupwa mpaka matumbawe yakakaribia kutoka nje, madimbwi ya mwambani hupata joto la kushangaza. Mwaka wa kawaida matumbawe huvuka kipindi hicho salama. Mwaka wa El Niño, ile hali ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, bahari huwa imeanza na joto la ziada, na maleleji humalizia.

Mwaka 1998 ulikuwa hivyo. Inakadiriwa kuwa asilimia 16 ya matumbawe ya dunia yalikufa katika tukio hilo, na magharibi mwa Bahari ya Hindi ndiko kulikopigwa zaidi. Katika visiwa vya ndani vya Ushelisheli zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yalipotea. Kwetu pigo halikuwa sawa. Mwamba wa Tutia kusini mwa Mafia na ule wa Misali magharibi mwa Pemba iliumia sana, huku baadhi ya miamba ya karibu na Unguja, ukiwemo wa Chumbe, ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Joto lilirudi mwaka 2016, kisha 2020, kisha 2024, mwaka ambao wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote.

Sasa tuje kwenye jibu lenyewe. Watafiti wakiongozwa na Nick Graham walifuatilia miamba 21 ya Ushelisheli kuanzia mwaka 1994, miaka minne kabla ya msiba. Walikuwa na picha ya kila mwamba ukiwa mzima, wakauona ukifa, kisha wakaendelea kurudi. Mwaka 2015 walichapisha walichokiona. Miamba 12 ilikuwa imefufuka, na matumbawe yalikuwa yamerudi karibu na hali ya zamani. Miamba 9 haikufufuka, ikageuka mashamba ya mwani. Joto lilikuwa lile lile, visiwa vile vile, na hata mwaka wa kufa ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni mambo machache. Miamba iliyofufuka ilikuwa na maumbo tata yenye matawi na mapango, ilikuwa kwenye maji ya kina zaidi, ilikuwa na watoto wengi wa matumbawe, ilikuwa na samaki wengi walao mwani, na maji yake hayakuwa na mbolea nyingi kutoka nchi kavu.

Kwangu huu ndio ugunduzi ulio muhimu kuliko mengine yote kwa mtu wa pwani. Joto ndilo linaloua, lakini kufufuka kunategemea mambo mengine, na mengi kati ya hayo yako mikononi mwa wanaoishi kandokando ya mwamba. Kina cha maji hatuwezi kukibadilisha. Samaki, maumbo ya mwamba na usafi wa maji tunaweza.

Tuanze na samaki. Tumbawe likifa, mwani huota juu ya chokaa yake ndani ya siku chache. Usipoliwa hurefuka, hufunika mwamba wote, na mtoto wa tumbawe anayeelea akitafuta jiwe safi la kushika hakuti nafasi. Wanaozuia hali hiyo ni pono, kangaja na tasi. Pono hasa, kwa mdomo wake mgumu, hukwangua mwani pamoja na chokaa ya chini, na chokaa hiyo humtoka ikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe unaovutia wageni kwenye fukwe za Unguja imepita tumboni mwa pono. Samaki hao hao ndio wanaopendwa sana sokoni na wanaonaswa kirahisi kwa dema, yaani mitego ya kusukwa, na nyavu za macho madogo. Mwamba uliovuliwa pono wake wote unaweza kupendeza miaka yote bahari inapokuwa na afya. Upungufu huonekana mwaka wa joto, wakati wa kusafisha mwamba unapofika na wasafishaji hawapo.

Mfano wa pili unatoka Kenya, katika utafiti wa miaka mingi wa Tim McClanahan. Kikande ni samaki mwenye meno makali anayekula wale viumbe wa mviringo wenye miiba, wanaomchoma mtu mguu anapotembea mwambani. Vikande wakivuliwa wakaisha, wenye miiba huongezeka bila kizuizi. Wao pia hula mwani, kwa hiyo mtu angedhani wataziba pengo la pono. Lakini wakizidi husaga mwamba wenyewe haraka kuliko matumbawe yanavyoweza kujenga. Ndani ya hifadhi za bahari za Kenya, ambako vikande wamebaki, wenye miiba ni wachache na mwamba unakua. Nje yake kuna sehemu ambazo mwamba unazidi kuwa mwembamba ingawa hakuna aliyeugusa kwa nyundo. Samaki mmoja ambaye wavuvi wengi hawamthamini sana ndiye aliyekuwa akiushikilia.

Halafu kuna maumbo ya mwamba, na hapa sina budi kusema wazi kuhusu baruti. Uvuvi wa baruti ulianza Tanzania miaka ya 1960 na ulidumu vizazi. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote ya nchi wakisikiliza chini ya maji kwa vinasa sauti, na kwa takriban mwezi mmoja walinasa milipuko 318, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Baada ya hapo serikali iliunganisha vyombo vyake vya dola katika msako mmoja, na milipuko ikapungua sana. Hayo ni mafanikio makubwa na yanastahili kusemwa. Lakini kovu lililoachwa ni la aina mbaya kuliko la joto. Joto huua wanyama na kuacha nyumba imesimama, kwa hiyo mtoto wa tumbawe hukuta mahali pa kushika. Baruti hubomoa nyumba. Vifusi vilivyobaki hubingirishwa na kila wimbi, na chochote kinachojishikiza juu yake husagwa kabla hakijakua. Mashimo ya baruti yanaweza kubaki jangwa kwa miongo.

Juya linaloburutwa juu ya mwamba, na kigumi, ambamo wavuvi hupiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke waingie wavuni, hufanya jambo lile lile polepole. Nanga ya boti ya watalii pia. Kwa kipimo cha uharibifu, sioni tofauti kati ya kigumi cha mvuvi na nanga inayotupwa kila asubuhi juu ya matumbawe yale yale kwenye eneo la kupiga mbizi la Mnemba. Inanisikitisha kwamba cha kwanza hukemewa kwa sauti kubwa kuliko cha pili. Boya la kudumu la kufungia boti ni kitu rahisi, na kila eneo la utalii wa mbizi lingepaswa kuwa nayo ya kutosha.

Usafi wa maji hauonekani kwa macho kirahisi, ndiyo maana hausemwi sana. Maji ya vyoo na mashamba hubeba mbolea, mbolea hukuza mwani, na mwani hushindana na matumbawe. Kwa miaka mingi maji machafu ya Mji Mkongwe yameingia baharini bila kusafishwa, mbele ya miamba ya Bawe na Changuu. Tope nalo huziba jua na kufukia. Mto Sabaki huleta udongo uliomomonyoka kutoka bara la Kenya hadi jirani na hifadhi ya Malindi, ambayo pamoja na Watamu ilitengwa mwaka 1968, na Mafia iko mbele ya delta ya Rufiji. Mlinzi wa hifadhi anaweza kuzuia nyavu. Udongo wa shamba lililolimwa kwenye mteremko mamia ya kilomita kutoka baharini hawezi kuuzuia. Pwani mikoko na majani ya bahari ndiyo hufanya kazi ya kuchuja, na kila kijiji kinachokata mikoko yake kinaunyima mwamba wake kinga.

Uhusiano wa kisiwa na mwamba unafika hata kwa ndege. Katika visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, baadhi ya visiwa vilivamiwa na panya walioletwa na meli zamani, na vingine havikufikiwa. Panya hula mayai na makinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba visiwa visivyo na panya vilikuwa na ndege wa baharini mara 760 zaidi. Ndege hao hula mbali, hurudi kulala, na kinyesi chao hushuka mwambani na mvua. Kwenye miamba ya visiwa hivyo wingi wa samaki ulizidi kwa karibu nusu. Mbolea hiyo haileti madhara ya ile ya vyoo kwa sababu ni kidogo kidogo na ya asili, na mwamba umekua nayo tangu zamani. Chumbe, kisiwa kidogo kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar, kilisafishwa panya mwaka 1997, na naona uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko wengi walivyofikiri wakati ule.

Chumbe kina somo jingine pia. Mwamba wake ulitengwa rasmi mwaka 1994, uvuvi ukasimamishwa, na waliokuwa wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi. Wanaijua bahari ile, na wanapomfuata mvuvi aliyekosea njia huzungumza naye kama ndugu, bila bunduki. Wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa kuona matumbawe ambayo wengi wao, ingawa wamezaliwa kisiwani, hawajawahi kuyaangalia kwa miwani ya kupigia mbizi. Udhaifu wake ni kwamba fedha zinatoka kwa wageni, na mwaka 2020 utalii uliposimama kwa korona, kila hifadhi ya namna hiyo ilijikuta pagumu.

Mafia ni hadithi ngumu zaidi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna vijiji. Watu hawawezi kufungiwa bahari yote, kwa hiyo eneo limegawanywa: pengine hapavuliwi kabisa, pengine huvua wenyeji kwa zana zinazoruhusiwa. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Ugumu huja pale familia iliyoishi kwa nyavu inapoambiwa ibadilishe zana, na zana mpya haijafika au haijulikani italipwa na nani. Mwamba unaolindwa kwa kumlaza mtoto njaa hautalindwa kwa muda mrefu.

Ndiyo maana navutiwa na ufungaji wa pweza. Ulianza Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004, na baadaye ukafika Pemba, katika Kisiwa Panza, na vijiji vingine vya Zanzibar. Pweza hukua haraka mno na maisha yake ni mafupi, ya mwaka mmoja hivi. Kijiji kikikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache tu, siku ya kufungua wanaochokoa, wengi wao wanawake, hukuta pweza wakubwa. Faida inaonekana msimu ule ule, bila kungoja miaka kumi. Matumbawe nayo hupumzika kukanyagwa na kuchokolewa. Ufungaji wa namna hii hautoshi kumrudisha pono wala chewa, ambao wanahitaji miaka. Lakini kamati iliyowahi kufunga, kulinda, kugombana na wageni waliokuja kuvuna siku ya kufungua, na kugawana kilichopatikana, imejifunza kazi ambayo serikali haiwezi kuifundisha kwa semina.

Kuhusu kupanda matumbawe, kazi inayofanyika Wasini, Mkwiro na kwingineko kwa kufunga vipande kwenye vyuma au matofali, nasema kwa tahadhari. Pale baruti ilipoacha vifusi vinavyobingirika, kuweka kitu imara cha kushikwa ni msaada wa kweli. Lakini maeneo yanayopandwa ni madogo sana ukilinganisha na miamba iliyopotea, na aina zinazopendwa kupandwa, zile zenye matawi yanayokua haraka, ndizo hufa mapema maji yakipata joto. Mwaka 2023 huko Florida joto lilipanda mpaka watunzaji wakalazimika kuyatoa matumbawe ya vitalu vyao baharini na kuyahamishia kwenye matangi ya nchi kavu. Fedha zikiwa chache, heri zitangulie kwa pono na kwa maji machafu.

Na ukomo wa haya yote lazima usemwe. Mwamba wa Ushelisheli uliofufuka ulihitaji zaidi ya miaka kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwamba mmoja ulikuwa ukikumbwa na kupauka kukali mara moja katika miaka 25 hadi 30. Kufikia mwaka 2016 nafasi hiyo ilikuwa imepungua hadi karibu miaka 6. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 zaidi ya lile la kabla ya viwanda, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe ya maji ya joto yatatoweka, na kwa nyuzi 2 zaidi ya asilimia 99. Hewa ya ukaa inayoingia baharini pia huongeza tindikali, na kutandika chokaa kunazidi kuwa kazi nzito. Mwaka 2021 utafiti ulioongozwa na David Obura, mwanasayansi wa Mombasa, ulihitimisha kwamba miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Hakuna kamati ya kijiji itakayoziba hilo. Mvuvi aliyeuliza swali lile ana haki ya kuzidai nchi zilizochoma makaa na mafuta kwa zaidi ya karne moja zipunguze, na zilipe.

Wakati dai hilo likiendelea, uchaguzi mkubwa ni wapi pa kuanzia. Pembeni mwa mpaka wa Kenya na Tanzania, kuanzia Shimoni na Wasini kushuka Tanga na kuvuka hadi Pemba, pana mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na maji yake ya baridi hupunguza makali ya joto kwa miamba iliyo jirani. McClanahan na wenzake wanaitaja sehemu hii kuwa kimbilio, mahali ambapo matumbawe yana nafasi ya kudumu muda mrefu kuliko kwingine na kupeleka watoto kwenye miamba iliyokufa. Upande mmoja kuna hifadhi ya Kisite-Mpunguti, upande wa pili ya Tanga, na kwa miaka kadhaa umekuwepo mpango wa kuziunganisha nchi hizi mbili katika eneo moja la uhifadhi. Wavuvi wa Pemba huvuka mpaka huo msimu kwa msimu kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, upande wa Kenya, na sheria ya kila upande huwakuta ugenini. Kikao cha mpango huo kinapaswa kuanza na wao, pamoja na kamati za vijiji vya Shimoni, Vanga, Tanga na Pemba, kabla mtu yeyote hajachora mstari kwenye ramani.